Kikopo cha Nane

Mwezi jana nilikabidhi ufunguo wa kabati la chini ya tangi, na wenzangu wakanipa keki, kitenge na hotuba mbili ndefu. Diane, ambaye sasa ndiye mwenye tangi, aliniomba niandike yote ninayoyajua kuhusu mwani kabla sijazoea usingizi wa mchana. Nilimwambia aniache kwanza nipumzike, mwaka mmoja hivi. Kisha wiki iliyopita kuna jambo lilitokea, nikaona heri niandike sasa hivi. Jambo lenyewe nitalifikia kwa zamu yake, mwishoni.

Kwa asiyetujua: kazi yangu ilikuwa kutunza bahari. Bahari yenyewe ni kioo cha urefu wa mita tatu, kimesimama kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli ya zamani hapa Kiyovu, Kigali, kati ya ngazi na viti vya wageni. Aliyeijenga hoteli alipenda bahari na akaja kuishi mahali ambapo hakuna, basi akajitengenezea ya kwake. Mimi bahari ya kweli sijaiona. Babu yangu ndiye aliyetoka pwani na marobota ya vitambaa, akaishia Nyakabanda, akatuachia cherehani na Kiswahili. Watoto wangu wanasema watanipeleka Dar es Salaam kwa kuwa sasa nina nafasi. Sina haraka. Bahari ile sijui ni nani anayeisafisha.

Niliajiriwa kupiga deki. Siku ya kwanza nilipewa ndoo, kitambaa na maneno matatu: sakafu, ngazi, vioo. Nilipofika kwenye tangi nikakipangusa kile kioo mpaka kikalia. Lakini kulikuwa na ukungu wa kahawia ambao haukutoka. Nikasugua tena. Nyuma ya ukungu ule kulikuwa na samaki wa buluu, bapa, mkubwa kama sahani, akinitazama kwa jicho moja. Nadhani nilisimama hapo muda mrefu, maana maji ya ndoo yalikuwa yamepoa nilipomsikia mtu akicheka nyuma yangu.

Alikuwa mzee mwenye kofia ya kijivu na mswaki mfukoni mwa shati, mahali ambapo wengine huweka kalamu. Huyo ndiye Gratien. Alikulia Bujumbura, na ujana wake wote alikuwa akivua samaki wadogo wa rangi katika ziwa Tanganyika na kuwafungasha kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, wakasafirishwa kwa ndege kwenda kwa watu wanaowapenda samaki wasioliwa. Aliporudi Rwanda alikuta kuna tangi moja tu la maji ya chumvi mjini, na hakuna aliyejua la kulifanyia.

"Inje iko safi kabisa," akaniambia. "Sasa ile chafu iko ndani. Weye unaogopa maji?"

"Siogopi, Muzehe."

"Basi acha ndoo, mukobwa wanjye. Kunja mikono."

Aliniita binti yangu, nikakunja. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, nami sikuwa nimelitarajia hilo. Nilidhani bahari ni baridi. Mkono wangu ndani ya maji ulionekana mkubwa na si wangu, na yule samaki wa buluu akaja kuugusa kwa mdomo. Jioni ile nilikwenda nyumbani nikinukia chumvi, na mama yangu akasema nanukia kama babu.

Samaki yule ni wa aina iitwayo kangaja. Gratien hakumpa jina, alisema samaki akipewa jina anaanza kuringa. Nami sikumpa. Aliishi nasi miaka yote ninayoisimulia, na yuko hai leo.

Mwaka wa kwanza nilifundishwa kukoroga bahari. Maji ya bomba la Kigali ni mazuri kwa chai lakini yana madini ambayo mwani unayapenda, kwa hiyo tuliyapitisha kwenye mashine ya kuchuja, tone kwa tone, mpaka pipa lijae. Kisha chumvi ya bahari, gramu thelathini na tano kwa lita, na mwiko wa mbao mrefu kama wa wapishi wa harusi. Unakoroga, unaacha hadi kesho, unapima. Kipimo ni kijibomba chenye kioo: unaweka tone la maji kwenye ncha, unakielekeza angani, unachungulia. Ndani unaona buluu juu, nyeupe chini, na mstari katikati. Mstari ule ndio chumvi yako. Sijui nimechungulia mara ngapi maishani. Kila mara nilijiambia kwamba pale ndipo bahari inapokutana na mbingu, kisha nikaandika namba kwenye daftari kama mtu mwenye akili timamu.

Wakati wa kiangazi maji hukauka upesi. Wapya wote hukosea hapa: wanaona tangi limepungua, wanaongeza maji ya chumvi. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Ongeza maji matupu. Mimi nilikosea mara moja, nikaambiwa mara moja.

Kosa kubwa lilikuwa letu sote. Ilikuwa umuganda, Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi ambapo mji mzima unafagia, unafyeka na kuzibua mitaro, na magari yanasimama hadi umalizike. Gratien alikuwa Bujumbura kwenye msiba. Tulikuwa tumemaliza bustani na mtaro wa mbele, bado tuna nguvu, mtu mmoja akasema: na tangi je? Nyinyi mnajua jinsi tulivyo, tukianza usafi hatujui kuacha. Tukatoa mawe yote ya tangi, tukayapanga uani, tukayasugua kwa brashi na maji ya bomba mpaka yakawa meupe. Tukaosha mchanga. Tukaosha hata sponji za mashine. Tukarudisha kila kitu, na siku hiyo tangi lilipendeza kuliko siku yoyote. Watu walipiga picha.

Siku ya tatu samaki wawili walikufa. Wiki ya pili mwani ukaja, wa kijani, kila mahali, kwenye kioo, kwenye mabomba, kwenye mgongo wa konokono. Gratien aliporudi alilitazama tangi muda mrefu, kofia mkononi. Hakugomba. Alinichukua hadi uani, akaniketisha kwenye pipa lililopinduliwa.

"Ile mawe iko na watu ndani," alisema. "Wadogo sana, hauwaoni. Hao ndio wanakula uchafu ya samaki. Nyinyi mumeua wafanyakazi yote siku moja, na sabuni ya mikono yenu."

"Hatukutumia sabuni, Muzehe."

"Basi na maji ya bomba. Sasa uchafu inabaki, na uchafu ni ifumbire. Nyumbani kwenu hamna shamba?"

"Hatuna, sisi ni mafundi cherehani."

"Ndiyo maana," akasema, kana kwamba hilo lilieleza maisha yangu yote. Ifumbire ni mbolea, samadi, na urubobi ni mwani. "Urubobi si mubaya, sha. Iko inakula tu. Usiulize imetoka wapi. Uliza nani anailisha."

Maneno hayo nayaandika kwa kalamu nzito. Mwani wa kahawia katika tangi jipya, wa kijani wa nywele, ute mwekundu unaofunika mchanga, vile vibofu vya kijani ambavyo hupaswi kuvipasua: yote unaweza kuikwangua hadi vidole vikupauke, na wiki ijayo itakuwa imerudi. Ukwanguaji ni kwa ajili ya wageni. Kwa ajili ya tangi, tafuta anayelisha.

Ute mwekundu ulitujia mwaka mwingine, na dawa ya Gratien ilikuwa giza. Tuliunyonya kwa mpira kadiri tulivyoweza, tukaongeza mwendo wa maji, kisha tukazima taa na kulifunika tangi kwa mablanketi ya hoteli, siku tatu. Wageni walipita wakipunguza sauti. Mmoja aliuliza nani amefariki. Mimi nilikuwa nikiweka sikio kwenye blanketi na kusikiliza: pampu ilivuma polepole, na kulikuwa na milio midogo ya konokono wakigonga kioo. Siku ya nne tulifunua. Mwanga wa asubuhi uliingia kwa dirisha la ngazi ukapita ndani ya maji hadi sakafuni, na samaki walikuwa wamepauka, wametulia, kama watu walioamshwa wasijue wako mji gani. Kila jambo jema nililowahi kulihisi kazini linafanana na asubuhi ile. Sina namna nyingine ya kulisema.

Gratien alistaafu, nikabaki peke yangu na tangi. Alikuwa anaishi Remera kwa binti yake, nyuma ya uwanja, na miezi michache ya kwanza hakuonekana. Kisha akaanza kuja kusalimia. Alitoka misa ya asubuhi, akapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, tena ya motari, dereva wake, mmoja yuleyule, akashuka mlangoni petu. Alikaa kwenye kiti cha wageni kinachotazama tangi. Hakuna aliyeona ubaya. Mimi asubuhi zote nilikuwa uani na mapipa yangu, nikimaliza saa nne au saa tano, ndipo naingia ukumbini namkuta, tunazungumza kidogo, anapanda moto anarudi.

Mwaka huohuo mwani wa nywele ulianza.

Nataka mwelewe kwamba nilikuwa nimeiva kikazi. Nilikuwa na tangi la pili chini, ndani ya kabati, ambamo nilikuza mwani mwema, ule wa mafundo kama sufi ya kijani. Huo nilikuwa nauwashia taa usiku, unakula mbolea yote, kisha nauvuna kwa mkono na kuutupa, na mbolea inaondoka nao. Nilibadilisha maji kila wiki. Nilipunguza taa hadi saa sita kwa siku. Nililisha uduvi wa barafu kiasi cha ukucha, niliouyeyusha na kuuchuja kwanza ili ule ute wake usiingie majini. Na bado nywele zikaota. Nilizing'oa kwa mswaki, nikizizungusha kama mtu anayekula tambi, huku mpira ukinyonya vipande visisambae. Leo naondoa ndoo nzima. Baada ya siku nne zimerudi, ndefu, zinapepea polepole kwa mkondo wa pampu. Zilikuwa nzuri, hilo nalo nikiri. Nilianza kuziota usingizini, chumba changu kimejaa, nami nimelala chini yake bila shida yoyote.

Meneja wetu mpya hakuota kitu. Alikuwa kijana aliyesomea mambo ya hoteli nje, mpole, mwenye viatu vinavyolia. Alisimama mbele ya tangi akaniuliza kama samaki bado wamo.

"Wamo, bosi. Wako nyuma ya nywele."

"Mama Sauda, mimi sina ugomvi na wewe," akasema. "Lakini mgeni akiingia hiki ndicho cha kwanza anachoona. Siku ya umuganda watu wote watakuwepo na ndoo. Kama hakijasafika, tutamwaga. Samaki nimewapatia mtu wa kuwachukua. Hapa tutaweka televisheni kubwa."

"Ya kuonyesha nini?"

Aliangalia viatu vyake. "Samaki," akasema.

Zilibaki wiki tano. Niliona aibu, na niliogopa. Ningeweza kurudi kwenye deki, deki haijawahi kunitisha. Lakini kumwaga bahari mtaroni kwa ndoo, kwa mikono ya watu walewale ninaokula nao, sikuweza hata kuliwaza hadi mwisho. Na nilimfikiria Gratien atakayeshuka kwenye moto na kukuta picha za samaki.

Nikapima kila kitu upya. Mbolea majini ilizidi mara kadhaa ile ambayo chakula changu kingeweza kuleta. Ndipo nikalikumbuka lile swali. Si mwani unatoka wapi. Nani anaulisha?

Kesho yake sikwenda uani. Nilikaa mapema kwenye kochi la pembeni, nyuma ya maua, mikono mapajani kama mgeni anayesubiri teksi. Saa moja na nusu Gratien aliingia. Alivua kofia mbele ya tangi, kama alivyofanya siku zote. Akatoa ufunguo mfukoni, ufunguo wa zamani ambao hakuna aliyewahi kumdai, akafungua kabati, akatoa chupa ya chakula. "Mwaramutse," akawaambia samaki, habari za asubuhi. Akatia chembe za chakula, nyingi, akitikisa vidole ndani ya maji ili zisambae. Kangaja alikula mkononi mwake. Gratien akafunga kabati, akavaa kofia, akakaa.

Nilitabasamu pale kwenye kochi. Nilidhani nimemaliza kazi, kwamba nitamwambia tu apunguze.

Alisinzia dakika kumi hivi. Akaamka. Akasimama, akavua kofia. "Mwaramutse," akawaambia samaki. Akatoa ufunguo.

Hadi saa nne alikuwa amewaamkia mara sita. Kila mara kofia ilivuliwa upya, na sauti ilikuwa ya mtu aliyefika sasa hivi na kufurahi kuwakuta. Nilikuwa nalia, na nilikuwa nahesabu, vyote pamoja, maana ndivyo alivyonifunza kufanya kazi.

Mwisho nilimwendea. "Muzehe, umelisha leo?"

"Bado, mukobwa wanjye," akasema. "Ndiyo nafika sasa."

Kidole chake kilikuwa kinadondosha maji kwenye sakafu niliyoipiga deki miaka yote.

Diane wakati huo alikuwa mapokezi, mita tano kutoka pale. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

"Mama, ningesema nini?" alinijibu kwa sauti ya chini. "Ni muzehe. Nilifikiri ni weye umemutuma. Halafu nikaona hapana, haiko sawa. Lakini nani atamusemea mutu muzima?"

Ndivyo tulivyo. Hoteli nzima ilikuwa imeona, kuanzia mlinzi hadi jikoni, na kila mmoja alikuwa amemhifadhi mzee kwa kunyamaza. Sikuwalaumu. Nami nilikuwa nikimkuta saa tano kila siku, nikazungumza naye, na sikuona kwamba ananipa habari zilezile za jana.

Nilimpigia binti yake. Akaniambia njia ya kuja hotelini ndiyo pekee ambayo baba yake bado anaijua. Kanisani anapelekwa. Dukani hupotea. Lakini akisema "kazini", motari anajua, naye anajua, na anarudi mchana ametulia.

Meneja aliposikia alikuwa na jibu fupi: mlinzi amzuie getini, kwa heshima. Lilikuwa jibu sahihi. Mwani ungekufa baada ya wiki tatu. Nilikwenda uani nikakaa kwenye lile pipa lililopinduliwa, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikutaka maji yawe safi.

Duka la dawa la jirani walinipa vikopo vya plastiki, vile vidogo vya kupimia dawa ya watoto, vyenye vifuniko. Nikachukua chakula changu cha siku nzima, kile kiasi cha ukucha, nikakigawa mara saba. Kila kikopo kilikuwa na kitu kidogo sana. Nikavipanga kwenye meza ndogo pembeni ya tangi, nikabadilisha kufuli la kabati. Gratien alipofika akajaribu ufunguo wake, ukakataa. Akatazama mezani.

"Nani ameandaa?"

"Mimi, Muzehe. Chakula cha samaki kiko tayari, kazi yako ni kulisha tu."

Akafungua kikopo, akakinusa, akatikisa kichwa kama fundi anayekubali kazi ya mwanafunzi. Kofia, salamu, kidole majini. Akakaa. Akaamka. Kikopo cha pili.

Siku nyingine hata saba havikutosha, akaniangalia na meza ni tupu. Kwa hiyo niliandaa cha nane. Cha nane kilikuwa na maji ya tangi tu. Alikimimina, akatikisa vidole, na samaki wakaja juu vilevile, kwa sababu walikuwa wanaijua kofia yake. Aliridhika. Mimi sikuridhika. Mtu aliyenifunza kila kitu, asiyewahi kunidanganya hata kwa samaki aliyekufa, nikampa maji matupu na kumwambia ni chakula. Nilikiandaa kila siku kwa zaidi ya miaka miwili, na kila siku niliona haya.

Na hapa kuna jambo la kitaalamu, msilipite. Chakula kidogo mara saba ni bora kuliko kiasi hichohicho mara moja. Samaki walikila chote, hakuna kilichozama. Wiki ya pili nywele zilikuwa zikitoka mkononi bila kuvuta. Wiki ya tatu zilipauka. Niliagiza konokono kutoka pwani, wakafika kwa ndege kwenye boksi lililofungwa vizuri kuliko zawadi, wakaanza kazi siku hiyohiyo.

Jumamosi ya umuganda ilifika. Tulifagia mbele, tukarudi na ndoo zetu, na watu wote wakasimama ukumbini bila kukaribia tangi. Meneja alikuja na futi ya kupimia ukuta. Gratien alikuwa kwenye kiti chake. Alimwona meneja, akamdhania mgeni, akanyanyuka na kumpa kikopo kwa mikono miwili.

"Karibu," akamwambia. "Bado hawajakula leo. Weye lisha."

Meneja alinitazama. Sikumsaidia. Akaweka futi mfukoni, akakunja mkono wa shati, akatia kidole majini, na kangaja akaja kumgusa. Alikaa hivyo kitambo, viatu vyake vimenyamaza. Kisha akapitisha ukucha kwenye kioo, juu hadi chini.

"Ile kona ya nyuma bado," akasema.

"Ile ni chakula cha konokono, bosi. Nikiisafisha watakufa njaa."

"Basi iache," akasema. Televisheni ilikwenda kwenye baa, inaonyesha mpira.

Gratien alikuja hivyo miaka miwili na miezi kadhaa. Mwishoni hakujua jina langu, aliniita mugenzi, mwenzangu, na nilipenda hivyo kuliko Mama Sauda. Alifariki kwa binti yake, asubuhi, amevaa tayari. Vikopo nilivihifadhi kabatini. Diane alihamia kwangu kutoka mapokezi, nikamfundisha mwiko, kijibomba na mswaki, na ratiba ya kulisha mara saba tukaendelea nayo kwa sababu ni nzuri.

Sasa lile jambo la wiki iliyopita.

Nilipita hotelini asubuhi kusalimia. Napita mara moja kwa wiki, si zaidi. Diane alinipokea vizuri, akanipa kikopo, nikatengeneza ushungi wangu, nikawaamkia samaki, nikalisha. Kangaja amezeeka, rangi imefifia kwenye mapezi. Nikakaa kwenye kile kiti. Mwanga wa dirisha la ngazi ulikuwa umefika sakafuni, ukicheza, na pampu inavuma, na nadhani nilifikiria mablanketi yale. Kisha nikainuka nikamwambia Diane, mimi ndiyo nafika, wameshakula?

Diane aliweka mswaki chini. Alifungua kabati, akanipa kikopo.

Nilikipokea kwa mikono miwili. Ndipo nikaona mezani vikopo vitatu, vitupu, vimepangwa vizuri na vifuniko vyake, na kidole changu kilikuwa kimelowa.

"Nimekuja jana pia?" nikamwuliza.

"Ulikuja, Mama," akasema Diane. "Na juzi."

Niliogopa, nalisema wazi. Lakini samaki walikuwa wamekwisha kupanda juu, wote, wananisubiri, basi nikawalisha.

Kwa hiyo nimeandika upesi, na yote ya muhimu yamo: maji yaliyochujwa, mawe yasisuguliwe, saa sita za taa, uvune mwani mwema, utafute anayelisha. Lililobaki ni ombi, Diane, wewe na watakaokufuata. Msibadilishe kiti. Mlinzi asinizuie getini. Na siku ile saba havitatosha, nipe cha nane, kisha usiniambie.